Simu Moja ya Seremala

Mjomba wangu ni seremala. Anatengeneza vitanda, makabati, milango na majeneza, kwa mpangilio huohuo, maana vitanda ndivyo vingi zaidi. Lakini mtaani hakuna anayemwita fundi vitanda. Watu wakimtaja huanza na lile la mwisho, tena kwa sauti ya chini, na wengine hugeuka kwanza kuhakikisha hayuko nyuma yao.

Yeye jambo hilo halimsumbui. Ni mtu mfupi, mkimya, mwenye vidole tisa na nusu, na penseli haimtoki sikioni. Husema amelaza watu wengi zaidi wakiwa hai kuliko wakiwa wamekufa. Swali lake la kwanza kwa mteja yeyote ni moja tu: "Vipimo?" Hata salamu husubiri. Ukishampa vipimo na akaviandika ukutani, ndipo anakuuliza habari za nyumbani, na hapo atakusikiliza mpaka uchoke wewe.

Ana mwiko mmoja. Akienda kumtazama mgonjwa, futi na penseli huviacha karakanani, juu ya meza ya kazi, pale anapoviona mtu yeyote anayepita. "Mgonjwa akiniona na futi," aliniambia nilipoanza kazi kwake, "hata mafua yake atayaona makubwa." Kazi yangu mimi ni kupiga msasa na vanishi, na kwa kuwa nimemzidi darasa kidogo, kumshikia simu. Hapo kwenye simu ndipo nilipoharibu.

Mjomba ana simu moja na namba moja tangu simu zilipofika mtaani kwetu. Humo ndani wamo wateja, wauza mbao, dada zake watatu, majirani na marafiki wa utotoni, wote wamechanganywa kama misumari kwenye kopo. Majina ameyaandika kwa akili yake mwenyewe: "Mlango wa Nyuma", "Kabati Milango Mitatu", "Kitanda Kilichokatika". Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, ameandikwa "Stuli Nne". Nilipomuuliza kwa nini, alisema siku aliyopewa simu ndiyo siku mama alikuwa anadai stuli zake.

Mwaka juzi nilimwambia, "Mjomba, watu wamehamia mtandaoni. Tuweke picha za kazi."

"Weka," akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye randa.

Nikaweka kwenye stetasi. Tatizo ni kwamba stetasi nayo ni moja, kama simu yenyewe. Asubuhi niliweka picha ya mtoto wa binamu yangu akikata keki ya mwaka mmoja, na mchana, bila kufikiri, nikaweka jeneza jeupe lenye vishikio vya shaba. Ukizifungua, zinafuatana. Mama alinipigia akanisema mpaka sikio likapata joto.

Halafu kulikuwa na suala la kutazama. Ukitazama stetasi ya mtu, jina lako linabaki pale, naye anakuona. Kwa mtu mwingine si neno. Kwa seremala wa majeneza ni balaa. Jirani yetu muuza vitambaa aliweka picha ya bibi yake hospitalini, dripu mkononi. Mjomba akaitazama, kisha akamwandikia kwa moyo safi kabisa: "Pole sana. Niko hapa." Yule bibi alipona, mpaka leo anatembea na kugombana na watu, lakini muuza vitambaa hakutusalimia kwa miezi miwili. Wengine walimficha kimyakimya. Ilifika mahali kila mwenye mgonjwa nyumbani alikuwa anamwondoa Mjomba kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuona. Naye akawa anapitisha kidole kwenye kioo na kushangaa: "Hivi siku hizi watu hawaugui?"

Mimi niliona ni vichekesho tu. Badala ya kushtuka nikaongeza moto. Niligeuza akaunti yake kuwa ya biashara, ile ambayo mtu akikuandikia kwa mara ya kwanza, simu inamjibu yenyewe wakati wewe mikono imejaa gundi. Maneno niliyatunga mimi, nikayasoma mara tatu, nikajiona msomi: "Habari! Asante kwa kuwasiliana nasi. Tunatengeneza vitanda, makabati, milango na majeneza ya saizi zote, watu wazima na watoto. Tutumie vipimo tuanze kazi mara moja. Karibu tena!"

Sasa nimlete Fundi Saa. Kibanda chake cha kutengeneza saa kilitazamana na karakana yetu miaka thelathini. Mjomba ndiye aliyemtengenezea kitanda cha harusi, na Fundi Saa ndiye aliyemshika mkono siku msumeno ulipochukua ile nusu ya kidole, akakimbia naye hospitalini akiwa na darubini yake ndogo bado jichoni. Uso kwa uso hawakuwa watu wa maneno. Walicheza drafti mchana mzima bila kutoa sauti, isipokuwa mmoja akiiba kete. Lakini moyo ulipoanza kumsumbua Fundi Saa, akafunga kibanda na kukaa nyumbani, akagundua ujumbe wa sauti. Kuanzia hapo, kila siku saa moja asubuhi, simu ya Mjomba ililia, na sauti yenye mkwaruzo ikasema, "Seremala, leo pia hunipati." Mjomba alibonyeza, akajibu neno lake lilelile, "Sina haraka," kisha akawasha redio na kazi ikaanza.

Mtu mwingine angemtania mgonjwa hivyo, angepigwa. Wale wawili walikuwa na haki hiyo, na hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mkewe Fundi Saa, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mapacha, hakuupenda utani huo hata siku moja.

Jumanne moja saa moja ikapita simu ikiwa kimya. Mjomba alifuta mikono, akaitazama mara mbili, akairudisha kwenye rafu. Saa nne ililia kidogo. Alikuwa anabana mlango kwa gundi, na gundi haisubiri, kwa hiyo akaiacha. Alipoifikia ilikuwa karibu saa sita. Namba haikuwa na jina. Akanipa nimsomee.

Mama Mapacha, ambaye miaka yote salamu zake zilipitia kwa mumewe, alikuwa ameandika kwa simu yake mwenyewe: "Shemeji, mwenzako amezidiwa asubuhi hii. Tumemleta hospitali. Tuombee." Na chini yake, dakika ileile, jibu kutoka kwetu: vitanda, makabati, milango, majeneza ya saizi zote. Tutumie vipimo tuanze kazi mara moja.

Nilisoma lote, sikuweza kuruka neno.

"Hiyo kaandika nani?" Mjomba akauliza.

"Simu."

"Simu inajua kuandika?"

"Mimi ndiye niliyeifundisha, Mjomba."

Hakunikaripia. Laiti angenikaripia. Alichukua simu, akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja: "Shemeji samahani, si mimi." Ikapata tiki moja, ikabaki na tiki moja. Akapiga, haikuita.

"Amekubloku," nikamwambia.

Akatoka vilevile alivyokuwa, nami nyuma yake, na njia nzima nilikuwa natunga namna ya kueleza. Sikumtazama. Ningemtazama, ningeona.

Mama Mapacha alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, na khanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyejiandaa kusukumana. Hakumtazama Mjomba usoni. Alimtazama sikio.

"Shemeji," akasema taratibu, "umekuja na penseli?"

Mjomba akapeleka mkono sikioni, akaikuta. Mkono mwingine ukaenda mfukoni kuificha futi, na futi za chuma zilivyo, ikatoa mlio.

"Mama, ule ujumbe," nikaanza.

"Nimeusoma, mwanangu. Nimeusoma mpaka mwisho." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Watu wazima na watoto. Karibu tena. Sasa nendeni, mgonjwa amelala."

Ningeweza kupiga kelele pale pale kwamba ni mashine. Lakini mtu ambaye mumewe anahemea upande wa pili wa ukuta humwelezi mambo ya akaunti ya biashara. Wala sikumlaumu. Kwa akili yake, mtu aliyemjua miaka thelathini alikuwa amemjibu kwa dakika moja kwa kuomba vipimo, kisha akaja navyo vyombo vyake.

Tulirudi kwa miguu. Mjomba aliitia futi kwenye droo na kuifunga. Siku zilizofuata alifanya kazi kwa kukadiria kwa macho, akaharibu mlango wa watu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kila asubuhi saa moja alikuwa amekaa kwenye benchi na simu mapajani. Hakuwa anaogopa kupoteza mteja wala jina. Aliogopa kitu kimoja, na alikisema wazi siku ya nne, akiwa anatazama maranda sakafuni.

"Akifa kabla sijamwona, atakufa akijua ni mimi niliyeandika vile."

Nilikwenda nyuma ya karakana nikalia, kisha nikarudi kupiga msasa.

Namba yangu Mama Mapacha hakuwa ameizuia. Pengine alinisahau. Siku ya kumi aliweka picha kwenye stetasi yake: Fundi Saa nyumbani, amekondeana, ameegemezwa kwenye mito minne, matakia mawili ya makochi na godoro lililoviringishwa. Chini aliandika: "Tunamshukuru Mungu, tumerudi. Daktari amesema asilale chali, kifua kinajaa. Anakesha ameketi."

Nilimpelekea Mjomba simu yangu. Nilidhani atatazama uso. Akapanua picha kwa vidole, akaupita uso, akashuka kwenye mito.

"Hii itateleza," akasema. "Akisinzia tu, inateleza, anarudi chali." Kidole kikasogea kwenye ubao. "Kile kitanda ni changu. Futi tano kwa sita, ubao wa kichwani una mteremko. Niliukosea. Hakuwahi kuniambia."

Akafungua droo, akatoa futi.

Alifanya kazi siku mbili. Kilikuwa kiegemeo cha fremu ya mbao nyepesi yenye bawaba chini, na nyuma mguu unaokaa kwenye meno sita, ili mgonjwa aweze kuinuliwa au kulazwa kidogo apendavyo. Katikati alivuta turubai laini, akaikaza, akailegeza, akaikaza tena. Pembeni aliweka vibao viwili vya kuegemezea viwiko. Hakupima mtu yeyote. Upana wa mgongo aliuchora kwa mikono hewani, kisha akaushusha kwenye ubao. Mimi nilipiga msasa mpaka ubao ukawa laini kama kiganja cha mtoto, maana hiyo ndiyo toba niliyokuwa nayo.

Tukamwita msukuma mkokoteni. Mjomba akataka kukifunika kiegemeo kwa shuka, kisishike vumbi.

"Mjomba," nikamwambia, "wewe, mkokoteni, na kitu cha mbao kilichofunikwa shuka, mnaingia kwenye nyumba yenye mgonjwa. Ukifunika, tumekwisha."

Akafikiri. Akalitoa shuka.

Hata hivyo Mama Mapacha aliposikia mbao zinagonga getini alitoka mbio, mikono imejaa povu la sabuni, akasimama katikati ya njia. "Sitaki," akasema. "Chochote hicho, sitaki."

Mjomba alikuwa amekibeba kiegemeo kwa mikono miwili, amesimama nacho kama mtoto aliyetumwa akasahau maneno. Penseli haikuwepo sikioni. Nilikagua mimi mwenyewe kabla hatujaondoka.

"Mama," nikasema, "ule ujumbe nimeutunga mimi. Simu inajibu yenyewe. Nipe dakika moja, nikikosa nifukuze."

Nikamwomba msukuma mkokoteni simu yake, nikaandika "hujambo" kwenye namba ya Mjomba. Simu ya Mjomba ilikuwa mfukoni mwake, na mikono yake miwili iko kwenye mbao, kila mtu anaiona. Mfuko ukalia. Papo hapo simu ya yule kijana wa mkokoteni nayo ikalia. Akaisoma, macho yakamtoka.

"Majeneza?" akasema. "Mimi? Nimewakosea nini?"

Mama Mapacha akaichukua ile simu kwa vidole vyenye povu. Akasoma. Akamtazama Mjomba, mikono yake, mfuko wake, kisha akanitazama mimi kwa jicho ambalo silisahau. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na 'karibu tena' ni ya kwako?"

"Ni ya kwangu, Mama."

Kabla hajaamua kunipiga au la, sauti yenye mkwaruzo ikatoka ndani, ikikatika kila neno la tatu: "Mke wangu... kama ni yule Seremala... mwambie mimi ni saizi ya... watu wazima."

Kumbe alikwisha kuusoma. Aliusoma siku ileile hospitalini, kwenye simu ya mkewe, na muuguzi alimkataza kucheka. Mkewe alidhani anapaliwa, na pumzi ya kumweleza hakuwa nayo. Pale getini Mama Mapacha alikaa chini kwenye ngazi akafunika uso kwa khanga, na mabega yakawa yanatikisika, na sikujua analia au anacheka, nadhani hata yeye hakujua. Mjomba alimpita akaingia na kiegemeo chake.

Nilipoingia nilimkuta amepiga magoti kitandani, anakaza mguu kwenye jino la nne. Fundi Saa aliegemea. Tulisikiliza pumzi yake. Ilichukua muda, kisha ikaanza kushuka na kupanda bila kukwaruza. Akafumba macho.

"Ubao wa kichwani una mteremko," Mjomba akamwambia.

"Najua. Miaka thelathini naujua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungekuja kuutengeneza. Ningekosa pa kulala."

Jioni ile nililifuta lile jibu. Ukituandikia sasa, unasubiri fundi anawe mikono. Nilimnunulia Mjomba laini ya pili pia, moja ya kazi na moja ya watu wake, nikamweleza tofauti kwa utaratibu. Ndani ya wiki alikuwa amempa kila mtu namba zote mbili. Nikaacha.

Na kila saa moja asubuhi simu ikarudi kulia. "Seremala, leo pia hunipati." "Sina haraka." Miezi saba.

Kisha asubuhi moja saa moja ikapita kimya. Mjomba hakuwasha redio. Ilipokaribia saa mbili simu ikaita, Mama Mapacha.

"Shemeji," akasema, nami niliyasikia yote maana simu ile husikika nje. "Shemeji, mwenzako ametutoka."

Mjomba akakaa kwenye ukingo wa kitanda kilichokuwa bado hakina chaga za kubeba godoro. Mama Mapacha ndiye aliyeanza tena. "Vipimo unavyo," akasema. "Sina haja ya kukupa."

"Ninavyo. Lakini leo sifanyi kazi, shemeji. Nimefiwa."

Akaniambia nimpigie seremala wa kule karibu na kituo cha mafuta, mtu ambaye hawakusemeshana tangu wagombane juu ya shehena ya mbao. Yule akapokea, na kama mafundi wote, akauliza kwanza, "Vipimo?" Ndiyo mara pekee niliyomsikia Mjomba akiulizwa yeye. Akataja urefu. Alipofika kwenye upana wa mabega akanipa simu, akachora hewani kwa mikono, nami nikakadiria na kutaja.

Tulifunga karakana. Nyumbani kwa Fundi Saa Mjomba alikaa na ndugu, si na mafundi, na jeneza lilipoletwa hakuinuka kulikagua. Mchana aliniomba niweke picha kwenye stetasi, ile ya Fundi Saa ameegemea kwenye turubai, mdomo wazi kwa kicheko. Hakutaka maneno chini yake.

Simu ikaanza kutetemeka, ikawa haikomi. Mlango wa Nyuma. Kabati Milango Mitatu. Watu waliomficha wagonjwa wao mwaka mzima, wote walikuwa wameona, na kila mmoja aliandika. Nilimsomea kwa sauti ya chini, moja baada ya nyingine. Muuza vitambaa naye alikuwemo: "Pole sana, fundi. Niko hapa."

Mjomba akainua kichwa. "Rudia hiyo."

Nikarudia. Akafuta macho kwa kile kidole cha nusu.

"Wajibu wote," akasema. "Waambie asante. Ila usiandike karibu tena."